Sura ya Kumi na Moja: Bampa la Bahati Nasibu

Bampa lilikuwa limelala nyuma ya gari la polisi, limefunikwa blanketi kuukuu kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Sajini Merja Kuivasniemi alilitupia jicho mara moja kwenye kioo, kisha akazima injini katika ua wa Taisto Vierimaa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na saba Novemba, saa tatu asubuhi, na mwanga ulikuwa bado unajishauri kama uje au usije.

Zilibaki siku nne. Miaka mitano nyuma, jioni ya Jumanne tarehe ishirini na moja Novemba, gari lilimgonga Elli Hakomäki alipokuwa akitembea kando ya barabara ya Koivuharju. Likaenda zake. Elli alifia mtaroni. Ushahidi uliobaki ulikuwa kipande cha plastiki nyeusi, urefu wa kiganja. Kutokana na kipande hicho polisi walijua aina ya gari, na Merja akakagua magari mia mbili na kumi na manne ya aina hiyo mkoa mzima. Aliuliza kila gereji nani amebadilisha bampa. Hakupata kitu. Jumatatu ijayo sheria ingelizika shauri lenyewe, na hata mtu akija kituoni na kupiga magoti asingeshitakiwa tena.

"Niletee jina na ushahidi kesho kabla ya saa sita mchana," mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia. "Baada ya hapo, Merja, tusali tu."

Merja alikuwa anasali tangu siku ya kwanza. Siku mbili zilizopita simu ililia. Alikuwa mzee wa uwanja wa magari chakavu, ambaye tangazo la Merja lenye picha ya kile kipande lilikuwa ukutani kwake muda wote huo, karibu na kalenda. Alikuwa akibomoa gari la mwalimu mmoja, akageuza bampa, akaona kwa ndani kiraka chenye umbo alilokuwa akilitazama kila alipokunywa kahawa. Merja alikwenda na kipande chake, akakiweka juu ya kiraka, kikakaa kama kiatu juu ya unyayo wake. Hata herufi za kiwandani zilikubali: nusu zilikuwa kwenye kipande, nusu kwenye bampa.

Mwalimu mwenye gari alicheka alipoulizwa. "Hilo bampa? Nililishinda kwenye bahati nasibu! Maonyesho ya majira ya kuchipua, ya masomo ya jioni. Wengine walishinda soksi."

Masomo ya jioni ya kutengeneza mabampa yalifundishwa na mtu mmoja tu.

Taisto Vierimaa alifungua mlango wa gereji yake kabla Merja hajabisha. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mwembamba, amevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi. Nyuma yake hewa ya moto ilitoka na harufu ya rangi.

"Sajini! Umegonga paa wa msituni?"

"Mimi sijagonga, Mzee Vierimaa. Nina bampa nataka ulitazame."

"Lilete ndani. Plastiki haipendi baridi, kama mimi."

Walilibeba wote wawili, wakaliweka juu ya vitegemeo viwili vya mbao. Merja alitazama kuta. Rafu kutoka sakafuni hadi darini zilijaa makopo ya aiskrimu yaliyooshwa, kila moja na karatasi ya jina na tarehe: skrubu za mlango, skrubu zisizojulikana, vipande vya kamba vifupi mno. Huyu alikuwa mtu asiyetupa kitu.

"Kazi ya wanafunzi wangu hii," Taisto alisema akiinama. Hakuuliza limetoka wapi. "Unaona? Kwanza unageuza, unasoma herufi ndani, ujue ni plastiki gani, maana kila plastiki na ndugu yake. Ukichanganya, haishiki. Halafu unatoboa tundu dogo mwisho wa kila ufa, usizidi kutambaa. Hizi ni pini za waya, zinaingia za moto. Na hiki kiraka," aligonga kwa ukucha, "ni ndoo ya kuchumia matunda porini. Plastiki ileile kabisa! Watu wanakwenda kununua vijiti vya kuchomelea, na ndoo iliyopasuka wanaitupa."

"Na kwa nje?"

"Kwa nje ni subira. Msasa namba themanini, mia na themanini, mia tatu na ishirini. Puti kidogo. Unasugua mpaka kidole kisisikie kitu. Hapa nilikuwa mkali. Jicho linadanganyika, lakini kidole hakidanganyiki."

Alipitisha kidole juu ya rangi nyeusi. Kidole kilisafiri, kikapita mahali pa kiraka, kikaenda kushoto, kikasimama chini ya taa ya ukungu. "Hapa pia palikuwa na tundu la plagi, la hita ya kupashia injini moto usiku wa baridi. Tuliliziba."

Merja alisogea. Hakuona tundu, wala alama. Yeye mwenyewe alikuwa amelikagua bampa lile siku mbili kwa tochi na asilione. Kwa ndani pale palikuwa pamepakwa puti nyeusi. Aliandika katika daftari: *kidole kilijua.*

"Nani alilileta darasani?"

"Kauko," Taisto alisema, haraka kama mtu anayepokea mpira. "Kauko Pihlajisto. Mungu amrehemu, ni mwaka wa pili sasa."

"Alilitoa wapi?"

"Sikumuuliza. Kila mwanafunzi alileta lake. Yule akaleta hilo."

"Unajua kwa nini nauliza?"

Taisto alichukua kitambaa, akafuta mikono iliyokuwa safi. "Najua tangazo lako, Sajini. Lilibandikwa hata dukani."

"Na hukuliona umbo hili?"

"Bampa lililovunjika huwa na maumbo mengi."

"Nahitaji orodha ya wanafunzi."

Hilo halikumsumbua hata kidogo. Alikwenda kwenye rafu, akashusha faili la buluu lenye mwaka mzima wa masomo, vuli na baridi, kila Jumanne na ukurasa wake. "Chukua lote. Naandika kila kitu. Helvi, mke wangu, alikuwa anasema nitaandika hata nimepiga chafya mara ngapi."

"Mama Helvi hajambo?"

"Yuko makao ya wazee, wodi ya wagonjwa wa kusahau. Jana aliniuliza kama mimi ni fundi wa bomba." Alicheka kidogo. "Nikamwambia ndiyo."

Merja alifungua faili ukurasa wa Januari. Kichwa kilisema: Tengeneza Bampa Lako Nyumbani. Mahali: gereji ya Vierimaa. "Vuli mlikuwa karakana ya shule. Kwa nini mlihamia hapa?"

"Shule walikuwa wanatengeneza mabomba ya joto."

Merja aliteremsha macho kwenye orodha. Alikuwa anasoma majina. La kwanza, la pili, la tatu. Kauko Pihlajisto lilikuwa la tano. Aliposoma la sita alirudi nyuma akalisoma tena, kwa kuwa alidhani macho yamemchezea.

Oiva Hakomäki.

"Huyu ni Oiva, mume wa Elli?"

"Ndiye," Taisto alisema akitazama dirishani. "Shemasi wa kanisa alinipigia Krismasi. Akasema mzee wa watu anakaa gizani peke yake tangu mazishi, hata taa hawashi. Nikamwambia aje. Tangu hapo kila Jumamosi tunakoga mvuke pamoja kwenye sauna yangu."

Merja alipotoka aliliona gari jipya la Taisto limeegeshwa chini ya nguzo ya umeme ya ua. Waya wa hita uliingia kwenye bampa, upande wa kushoto, chini ya taa ya ukungu.

*

Nyumba ya Oiva ilikuwa mwendo wa dakika saba, ya mbao, ya rangi ya njano iliyoanza kuchubuka. Kwenye msumari wa ukumbini koti la Elli lilikuwa bado limening'inia, na kiakisi cha kuwaonyesha madereva mtu gizani, chenye umbo la ua, kikibembea kwenye uzi wake. Alikuwa amekivaa jioni ile. Hakikumsaidia.

"Umewahi mwaka huu, binti yangu," Oiva alisema. Kila tarehe ishirini na moja Novemba alimpigia Merja simu, akauliza swali moja, akapata jibu moja, akashukuru. "Au umekuja kuniambia ndiyo basi?"

"Bado siku nne, Mzee Oiva. Nimekuja kuuliza habari za darasa la Taisto."

Uso wake ulifunguka. "Darasa! Hebu kaa, kahawa ipo. Lile darasa ndilo lililonitoa kaburini, nakwambia. Sikuwa najua hata bampa linafungwa kwa kitu gani. Kauko alinitania, akasema: Oiva anashika msasa kama anambembeleza paka."

"Kauko Pihlajisto ndiye alileta bampa mlilotengeneza?"

"Kauko?" Oiva aliweka sufuria ya kahawa chini. "Kauko alete bampa, ya nini? Kauko hakuwa na gari hata la kuchora! Hakuwa na leseni. Darasani alikuja na kile kiti chake cha vyuma cha kuteleza juu ya barafu, anakisukuma kwa mguu kilomita tatu. Alikuja kwa ajili ya kahawa na kupiga soga tu."

"Basi lilikuwa la nani?"

"La mwalimu wetu. La mfano. Sisi wengine tulileta yetu, lakini la maonyesho lilikuwa moja, la Taisto, tulilishughulikia wote. Alisema amelipata kwenye magari chakavu." Alikuwa tayari anafungua kabati. "Nina picha. Nilipewa kazi ya picha, maana nilikuwa sijui kazi nyingine. Kabla na baada. Tulizibandika kwenye maonyesho, lakini ile ya kwanza kabisa hakutaka."

"Kwa nini hakutaka?"

"Alisema haina mwanga mzuri. Tazama, hapa alichukua nyundo, pwaa, pwaa! Akaongeza nyufa mbele yetu. Akasema mwanafunzi hawezi kujifunza kwa ufa mmoja. Tukacheka mno. Picha iliyowekwa kwenye maonyesho ni ya baada ya nyundo. Lakini mimi nilikuwa nimewahi kufika siku ile, nikapiga yangu kabla. Hii hapa."

Aliiweka mezani kati ya vikombe. Bampa jeusi juu ya vitegemeo viwili vya mbao, limefutwa vumbi. Plagi ya hita ilikuwa bado imo kwenye tundu lake, upande wa kushoto, chini ya taa ya ukungu. Na upande wa kulia palikuwa na pengo moja safi, urefu wa kiganja, hakuna ufa mwingine popote.

Merja alijua kwamba huruma ilitaka aichukue ile picha, aseme asante, aondoke. Lakini alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa bahasha yenye picha ya kile kipande, kwa kuwa taratibu zinataka ulinganisho ufanyike mbele ya mwenye picha. Aliziweka pamoja.

Oiva alizitazama. Alikijua kile kipande kama mtu anavyojua uso wa adui yake. Ilikuwa picha ileile iliyokuwa kwenye tangazo, na yeye mwenyewe alizungusha matangazo hamsini kwa baiskeli.

Kahawa iliacha kutoa mvuke.

"Mimi ndiye nilisugua hapo," alisema mwishowe.

"Mzee Oiva."

"Taisto alinipa mimi. Upande wa kulia wote ulikuwa wangu. Jumanne sita. Themanini, mia na themanini, mia tatu na ishirini. Aliniambia, sugua mpaka kidole kisisikie kitu, Oiva, na utalala vizuri. Na kweli nililala." Aliinua viganja vyake akavitazama kama vitu alivyoazima kwa mtu. "Plastiki iliondoka kama vumbi. Nilikuwa nafagia nalitupa jikoni motoni."

"Hukujua."

"Yeye alijua?"

Merja alikusanya zile picha mbili. Mpelelezi hatakiwi kujibu swali lile.

Oiva alisimama, akachukua kofia. Mkono wake ulitaka kuchukua koti lake ukagusa la Elli, ukarudi. "Twende."

"Siwezi kukupeleka. Ni mahojiano."

"Basi nitakuja nyuma yako kwa baiskeli, na njia ina barafu. Chagua, binti yangu."

*

Taisto alikuwa gereji bado, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hafanyi kitu. Alipomwona Oiva nyuma ya Merja, hakusalimia.

Merja aliweka picha mbili juu ya meza ya kazi. Alizungumza taratibu, kama anavyofanya mtu anayejua kwamba kila neno litaandikwa. "Bampa hili halikuletwa na Kauko. Kauko hakuwa na gari. Lilikuwa lako. Tundu la plagi ulilitoboa mwenyewe upande wa kushoto, kwa sababu nguzo ya umeme ya ua wako iko kushoto. Umetoboa hapohapo hata kwenye gari jipya. Asubuhi hii kidole chako kilikwenda penyewe mahali ambapo mimi sikuona kwa tochi. Gari lako la zamani lilikuwa kwenye orodha yangu ya mia mbili na kumi na nne. Askari alikuja Desemba akaandika: bampa zima. Ulikuwa umeshafunga jingine."

"Nililinunua kwa mtu binafsi," Taisto alisema. "Kilomita mia tatu kutoka hapa. Nililifuata kwa treni."

"Bwana wee," Oiva alisema kwa sauti ndogo. "Kituo cha taka kiko kilomita nne. Ungelitupa. Kwa nini hukulitupa?"

Taisto alilitazama bampa kana kwamba jibu lingesomeka juu yake. "Lilikuwa linatengenezeka," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Mzee Vierimaa," Merja alisema, "jioni ya tarehe ishirini na moja Novemba, nani alikuwa anaendesha gari lako?"

"Mimi."

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini, barabara ya Koivuharju."

"Mimi, Sajini. Andika. Nitatia sahihi sasa hivi. Muda wako unaisha Jumatatu, kila mtu anajua. Andika upesi."

Merja alikuwa na kalamu mkononi. Jina, ushahidi na ungamo vilikuwa mezani, na zilikuwa zimebaki saa ishirini na tano. Kwa miaka mitano alikuwa ameomba dakika hii. Basi akafungua faili la buluu, kwa sababu hakujua kuandika neno asilolipima. Akageuza kurasa nyuma, Januari, Desemba, Novemba.

"Tarehe ishirini na moja ilikuwa Jumanne," alisema. "Jumanne ulikuwa unafundisha breki, karakana ya shule, saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku. Hapa kuna sahihi za watu kumi na mmoja. Na mwandiko wako." Alisoma. "*Wote wamefika. Helvi amechelewa na mandazi, kahawa saa moja na nusu.*"

Taa ya darini ilivuma. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Taisto Vierimaa alionekana mzee.

"Kila Jumanne aliwaletea mandazi ya iliki," Oiva alisema. "Watu walisimulia hata darasa lilipohamia huku. Kahawa ilikuwa saa moja kamili, hakuchelewa kamwe."

"Aliingia anatabasamu," Taisto alisema. Hakuwa anasema na yeyote. "Akasema, Taisto, nimegonga paa, maskini, akakimbilia msituni. Akamimina kahawa. Akammiminia mtu mmoja mara mbili kwenye kikombe kilekile kilichojaa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Asubuhi nikaenda kutazama bampa. Palikuwa na uzi wa sufu umenasa kwenye ufa, wa kijani. Paa havai glavu."

Oiva alishika ukingo wa meza. Glavu za Elli zilikuwa za kijani. Alizifuma mwenyewe.

"Nilimuuliza, Helvi, paa alikuwaje? Akasema, paa gani? Hakumbuki tena, Sajini. Usiku mmoja tu ulipita! Hapo ndipo nilijua vitu viwili kwa pamoja, na sikuweza kubeba hata kimoja. Darasa nikalihamishia hapa nimwone dirishani. Hakukuwa na mabomba yoyote ya joto."

"Na mimi?" Oiva aliuliza. "Ulinikubalia nije, kwa nini?"

"Nilitaka kukataa. Naapa nilikuwa na neno mdomoni. Halafu nikasema, mwache aje, angalau apate joto."

"Ukanipa msasa."

"Uliuchagua upande wa kulia mwenyewe, Oiva. Ulikwenda ukasimama pale. Ningekuondoa kwa maneno gani?"

Merja alitoka uani kupiga simu. Mwendesha mashtaka alisikiliza bila kumkatiza, na ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akashusha pumzi.

"Yule mama anaelewa anachoulizwa?"

"Jana alidhani mumewe ni fundi wa bomba."

"Basi huyo hawezi kusimama mbele ya hakimu, si kesho wala Jumatatu. Na mume sheria haimshitaki kwa kumficha mkewe. Unajua hilo kuliko mimi."

"Ameungama kwamba ni yeye."

"Mbele ya mashahidi kumi na mmoja wanaosema alikuwa anafundisha breki? Merja, umefanya kazi nzuri. Andika ripoti. Jumatatu tufunge faili."

Alibaki na simu sikioni baada ya sauti kukatika. Theluji ilianza kudondoka, nyepesi, isiyokusudia kukaa. Alisema sala yake fupi, ile ya kila siku, akafika mahali pa kuomba, akakosa la kuomba.

Aliporudi ndani, Taisto alikuwa bado juu ya ndoo yake. "Unanichukua?" aliuliza, na kulikuwa na matumaini katika sauti yake.

"Hapana, Mzee Vierimaa. Hakuna wa kuchukuliwa."

"Lakini nimesema mimi!"

"Nimesikia ulivyosema."

Alimgeukia Oiva amweleze kwa lugha nyepesi: kwamba swali lake la miaka mitano lilikuwa limepata jibu, na jibu halina mahali pa kupelekwa. Oiva alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Alikuwa ameelewa tangu mlangoni. Alikuwa amesimama mbele ya bampa, upande wa kulia, mahali pake pa zamani.

"Oiva," Taisto alisema. "Jumamosi kuni za sauna zitakuwepo. Kama utakuja au hutakuja."

Oiva alivua glavu, akaweka kidole kwenye rangi nyeusi, akakisogeza polepole kushoto, akakirudisha. Merja alimsubiri. Alidhani atalia, au atapiga. Mzee alifumba macho ili asikie vizuri zaidi, akapitisha kidole mara ya tatu, mara ya nne, akitafuta pale lilipovunjika.

"Nilifanya vizuri mno," alisema. Kidole kikaendelea kutafuta.